Nani Alitoa Maua

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Kidawa, khitma ikiwa imekwisha na masufuria ya kukodi yamepangwa uani yakimsubiri mwenyewe, bintiye Mwanaidi aliniuliza swali. Tulikuwa tumekaa mkekani ukumbini, nyumbani kwa mama yake, Mtoni, tunakunja kanga za marehemu ili zigawiwe. Kazi hiyo haina haraka, maana kila kanga lazima ulisome jina lake kwanza, ucheke au ulie, ndipo uikunje. "Zai shoga yangu," akasema bila kuniangalia, "leo nataka uniambie. Nani alitoa maua?" Mtu mwingine angedhani anauliza habari za makaburini. Mimi nilijua anauliza habari za ukurasa mmoja wa mtandao alioufungua akiwa Muscat mwaka 1999, wakati yeye na mama yake hawasemezani. Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kummiminia maji asiyesema ana kiu. Nikamwambia asubiri nimalize kukunja niliyoishika, kisha nikamhadithia, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia, isipokuwa panapohusu vyakula, ambapo nakiri nimeongeza chumvi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na ushei, kichwa kigumu, mdomo mwepesi, na kazi ambayo mtaani hakuna aliyeweza kuieleza. Watu walisema tu, "Zainabu anachapa Kinondoni." Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Malori yalishusha saruji kutoka kiwanda cha Wazo, na kila mfuko ulioangushwa chini ulitupandishia vumbi sisi juu, kiasi kwamba kila Jumamosi tulizigeuza kibodi kifudifudi na kuzipigapiga kwenye ukingo wa dirisha kama mtu anayekung'uta unga. Chumba kimoja, kompyuta mbili, feni moja na simu moja. Simu ndiyo iliyokuwa intaneti yetu: ukitaka kuingia mtandaoni mashine inapiga simu, inalia, inakoroma, na wakati huo hakuna mtu mwingine anayeweza kutupata, hata awe mwenye ofisi. Mwenyewe hakujali. Alikuwa mtu wa kufukuzia tenda mjini, na sisi tulimwona mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi. Kazi tulifanya wawili, mimi na Godlisten, kijana mrefu mpole wa Machame, aliyekuwa akila wali maharage wa mama lishe kwa uma, akichagua punje kama kuku, huku mimi nimeshamaliza sahani na kuanza kuitazama yake. Nilimwita Godi, naye aliniita sista mpaka nilipomkataza, halafu akaendelea kuniita sista.

Vijana wa sasa nikiwaambia kwamba tulitengeneza kurasa za mtandao kwenye mji ambao umeme ulikuwa ukikatika wakati wa chai, wananihurumia. Wasinihurumie. Ule ulikuwa wakati mtamu sana wa kuwa kijana. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: redio mpya, televisheni, maduka ya mitumba, baa, makanisa. Viwanda vya nguo ndivyo vilivyokuwa vinafungwa, lakini hata hapo kuna waliojua kupita. Bi Kidawa alikuwa mmoja wao. Enzi za foleni alikuwa akiuza kanga kwa kificho, ameziweka uvunguni, na mnunuzi anabisha hodi kana kwamba amekuja kumwona mgonjwa. Ruhusa ilipopatikana akaanza kuagiza mwenyewe kutoka India, marobota kwa marobota, na majina ya kanga zake alikuwa akiyatunga mwenyewe, jikoni, wakati anapika. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake, kwa kuwa nilikuwa shoga wa bintiye tangu madrasa. Bintiye alipoondoka, mimi nilibaki, na nafikiri sote wawili tulijua nilikuwa nimebaki badala ya nani.

Kuondoka kwenyewe nilikushuhudia kwa masikio. Mwanaidi alikuwa ameposwa na mtu ambaye mama yake alimtaka na yeye hakumtaka. Shangazi yake aliyekuwa akiishi Muscat akamtafutia kazi ya ofisini huko, na asubuhi moja ya upepo wa kusi akatoka na sanduku. Sanduku nililibeba mimi, na nilikuwa nimeshatangulia barazani, nimewapa mgongo, natafuta mahali pa kuliweka pasipo na matope. Ndani niliwasikia wakijibizana, kisha kimya, kisha mlango wa mbele ukabamizwa kwa kishindo mpaka chokaa ikadondoka. Nilipogeuka Mwanaidi alikuwa nje, uso umemvimba, mlango umefungwa nyuma yake. Hakusema neno hadi uwanja wa ndege. Mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri kwamba Bi Kidawa amemfungia mwanawe mlango, na Bi Kidawa hakumjibu yeyote. Miaka ikapita. Mwanaidi aliniandikia mimi barua, baadaye akaniandikia barua pepe, na kila moja ilikuwa na habari za joto, za bosi wake na za bei ya dhahabu, lakini neno "mama" halikuwamo. Bi Kidawa naye hakuuliza. Chumba cha Mwanaidi alikifanya stoo, marobota ya kanga yakapandishwa juu ya kitanda hadi karibu na dari.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka ninaousema, ikaingia kanga mpya. Rangi yake damu ya mzee, maua yake meupe ya mlangilangi, na jina lake: MLANGO SIKUUFUNGA, NI UPEPO. Niliposoma nilikaa chini juu ya robota. Kanga ile ilinunuliwa mtaani kama karanga. Mke mkubwa mmoja aliivaa kumpelekea habari mke mdogo, mke mdogo naye akaenda kuinunua hiyohiyo, wakawa wanapishana kisimani kila mmoja na mlango wake. Uzuri wa kanga ndio huo, kwamba anayesema hayupo. Ukiulizwa unasema, "Nimependa rangi tu," na hakuna hakimu atakayekukamata. Bi Kidawa angeweza kumpa msafiri yeyote doti moja aipeleke Muscat, lakini kumpelekea mwanawe mkononi kungekuwa kumwambia, na yeye hakuwa tayari kumwambia. Alitaka Mwanaidi aione kwa bahati.

Nilijua hivyo asubuhi moja alipokuwa anachoma vitumbua nami nimesimama nasubiri vya kwanza. "Ati Zai," akasema, "hayo madude yenu ya Kinondoni, mtu akiwa mbali anayaona?"

"Mbali wapi, mama?"

"Mbali tu. Kongo. Uingereza." Akageuza kitumbua. "Muscat."

"Muscat wanaona, mama. Tena vizuri kuliko sie, kwao umeme haukatiki."

"Mie nauliza tu. Biashara haina mipaka siku hizi." Baadaye, nikiwa chumbani kwangu, nilimsikia akimwambia jirani yake upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa lakini asijibiwe: "Mie nauza kanga zangu kwenye mtandao. Mwanangu akiona, ameona. Asipoona, nimeuza." Jirani akasema hewallah. Mimi nilibaki nimeshika kitumbua mkononi, maana nilielewa kwamba mwanamke yule ameweka mkononi mwangu jambo ambalo hakuthubutu kulishika yeye.

Kwa hiyo tukaanza kumtengenezea kurasa, kila kanga ukurasa wake: picha, jina, bei, namba ya simu. Kuandika kurasa zote kwa mkono kungetuchosha, kwa hiyo Godi alibuni njia ya mkato. Tuliandika ukurasa mmoja wa mfano, panapotakiwa jina tukaweka neno JINA, panapotakiwa bei tukaweka neno BEI, na programu ikawa inapita ikibadilisha, kwanza jina, kisha bei. Kazi ikaenda kama maji mpaka ilipofika kanga moja ya Bi Kidawa iitwayo USIULIZE BEI KAMA HUNUNUI. Programu ikaweka jina, sawa. Kisha ikarudi kutafuta neno BEI, ikalikuta mahali pawili, na kwa utiifu wake ikabadilisha pote pawili. Karatasi ya majaribio nilimpelekea Bi Kidawa bila kuisoma. Alivaa miwani akasoma kwa sauti: "Usiulize shilingi elfu tatu kama hununui." Akavua miwani. "Nani kaongeza maneno kwenye kanga yangu?"

Nikamweleza. Hakucheka, ingawa mimi nilikuwa nimejiuma mdomo. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Maneno yangu yakae kama nilivyoyasema. Sitaki kompyuta inisaidie kusema."

Nimefundisha kazi hii kwa miaka mingi tangu wakati huo, kwa vijana wenye simu zenye nguvu kuliko ofisi yetu nzima, na sijapata kusikia kanuni bora kuliko hiyo. Nilipomfikishia Godi, alijikuna kichwa, akachukua lundo la karatasi alizokuwa amezichapisha kutoka mtandaoni kidogo kidogo, simu ikikatika na kurudi, akaanza kusoma. Baada ya siku chache akaja na njia nyingine. Ukurasa wa mtandao sisi tunauona una rangi na maua, lakini mashine inauona kama ukoo. Juu kabisa yuko babu mmoja, chini yake watoto, watoto nao wana watoto wao, na kwenye ncha za mwisho ndipo yanapokaa maneno yenyewe. Kila mmoja katika ukoo huo tulimwita kifundo. Badala ya kupita ukurasa mzima ukibadilisha neno popote ulikutapo, unakwenda kwenye kifundo unachokitaka na kukiamuru: weka maneno haya. Yakishawekwa, yanakuwa maneno matupu. Hata yawe na alama ambazo kwa kawaida zinaiamrisha kompyuta, pale hazina amri tena, zinaonekana tu kama wino. Godi alinisomea sehemu hiyo mara mbili kwa furaha. Sehemu iliyotangulia, iliyosema kwamba kifundo kwanza kinafagiwa, watoto na wajukuu wote waliomo wanatolewa, ndipo maneno yanawekwa, aliisoma pia, lakini aliisoma kama mtu anavyosoma masharti nyuma ya tiketi.

Akataka tuvipe vifundo majina yanayoeleweka. Nikaitandaza kanga juu ya meza, juu ya kibodi na kila kitu, nikamfundisha, maana kwao, alisema, kanga ni kitu ambacho mama anajifunga akienda kukata majani ya ng'ombe. Hili linalozunguka ni pindo. Hapa katikati panaitwa mji. Na jina je, akauliza, linakaa wapi? Nikamwonyesha kisanduku chembamba chenye maandishi. "Jina linakaa ndani ya mji," nikasema, na mwanamke yeyote wa Pwani angekwambia hivyohivyo. Godi akaandika kwenye kikaratasi. Kwenye ukurasa wake akatengeneza kifundo kikubwa akakiita mji, ndani yake akaweka picha ya kanga, bei, simu, na kifundo kidogo cha jina. Kisha akaiandikia programu yake kama nilivyomfundisha: jina liwekwe kwenye mji. Mimi nilisema kweli ya nguo, yeye akaandika kweli hiyohiyo kwenye mashine, na mashine ikatutii sote wawili.

Ilikuwa Alhamisi. Bi Kidawa alikuwa ameahidi kuja baada ya alasiri kuona kazi imekwisha. Tuliendesha programu mchana, tukazipandisha kurasa zote mtandaoni, na simu ilivyokuwa inakatika tukaona tusizifungue moja moja kuzikagua, kwa kuwa picha moja ilikuwa ikichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tulikagua kwa imani. Nami, kwa haraka zangu, nikamwandikia Mwanaidi barua pepe fupi: kanga mpya za mama hizi hapa, anza na ya damu ya mzee. Nikaituma nikaenda kununua andazi.

Bi Kidawa alifika amevaa buibui jipya, ananukia udi, chupa ya chai ya tangawizi mkononi. Godi akamwamkia, "Shikamoo mama," akampisha kiti chake chenye mgongo. "Marahaba mwanangu. Nifungulieni ile ya mlango." Nikafungua. Nilishangaa jinsi ukurasa ulivyofunguka upesi, na kabla sijamaliza kushangaa nikaona sababu. Hapakuwa na picha. Hapakuwa na maua ya mlangilangi, wala bei, wala simu. Karatasi nyeupe tupu, na kwenye kona ya juu, kwa herufi ndogo nyeusi, MLANGO SIKUUFUNGA, NI UPEPO. Basi. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zote hivyohivyo, maneno yamesimama peke yake kama watu waliotolewa nje ya nyumba usiku.

Godi ndiye aliyeng'amua. Alishika kichwa, akachukua kile kikaratasi chake, akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Sista, umesema ndani ya mji."

"Ndiyo, ndani ya mji."

"Basi nimefagia mji mzima." Akamgeukia Bi Kidawa. "Mama, utusamehe, ni jambo dogo sana. Nabadilisha neno moja tu hapa. Kabla hujamaliza chai maua yamerudi."

Bi Kidawa alikuwa hamsikilizi. Alikuwa ameusogelea uso wa kompyuta, miwani imeshuka puani. "Zai," akasema, "hii ndiyo anayoiona mtu wa Muscat?"

"Kama ameshaifungua, ndiyo, mama."

"Hakuna kanga."

"Hakuna."

"Maneno tu."

"Maneno tu, mama."

Chini dukani walikuwa wanashusha mabati na kelele zilikuwa nyingi, lakini mle chumbani nilikuwa nikimsikia anavyohema. Nimesema kwamba kwenye kanga anayesema hayupo. Pale kwenye ule ukurasa mweupe alikuwapo, hana pa kujificha, hana rangi ya kusingizia. Aliona, nami niliona kwamba ameona. "Sasa huyo akiyasoma hivi," akasema polepole, "atasema mie nauza nini?" Godi alikuwa ameshika kipanya, anasubiri ruhusa. Bi Kidawa akajitanda upya mtandio wake, akamimina chai yake mwenyewe, akainywa yote, akaweka kikombe chini. "Hizo nyingine zirudishieni maua yake," akasema. "Hii iacheni."

"Lakini mama," Godi akasema, "hii haina hata bei."

"Ndiyo. Hii haiuzwi."

Nimewahi kuwaona watu jasiri, wengine nimewaona hospitalini na wengine mahakamani, lakini nikiambiwa nionyeshe ujasiri ulivyo, namkumbuka mama yule akishuka zile ngazi zenye vumbi la saruji, anashika ukuta, hakugeuka. Nilimpenda sana siku ile. Na nilimwogopea pia, maana nilimjua Mwanaidi. Ana ulimi mkali na kumbukumbu ndefu. Angeweza kusoma yale maneno akacheka. Angeweza kusema, hata leo mama anasingizia upepo.

Tukaanza kusubiri. Bi Kidawa hakuniuliza hata mara moja, si nyumbani wala ofisini. Badala yake akawa analeta chakula Kinondoni. Mtu wa Mtoni, mwenye duka lake na wateja wake, anavuka mji mzima na hotipoti! Alianza na wali wa nazi na nguru wa kukaanga. Akaja na mkate wa kumimina uliokuwa na iliki mpaka wauza misumari wakapanda juu kuuliza kuna nini. Akaja na pweza wa kuunga, na Godi, ambaye alikuwa hajapata kumwona pweza isipokuwa kwenye kitabu cha biolojia, aliweka uma chini akala kwa mkono, na tangu siku hiyo sikumwona tena na uma. Kila mara alisema alikuwa anapita. Kila mara alikaa kwenye kile kiti, akaitazama kompyuta kwa pembe ya jicho, akatazama mikono yangu, akaondoka. Kisha masika ikaingia, laini ya simu ikafa, na kwa siku kadhaa hatukuwa na mtandao wowote. Hapo ndipo alipouliza, na aliuliza hivi tu: "Simu yenu imepona?"

Ilipona siku ya jua kali. Mashine ililia, ikakoroma, ikashika, na kati ya barua za mwenye ofisi kulikuwa na moja ya Mwanaidi. Sikuisoma kwanza. Nilisubiri mama afike, na alipofika nikamgeuzia kompyuta, nikatoka, nikasimama mlangoni pamoja na Godi. Hakukuwa na salamu, hakukuwa na jina la anayeandikiwa wala la anayeandika. Kulikuwa na mstari mmoja, ambao Bi Kidawa aliusoma midomo ikicheza, kisha akausoma tena kwa sauti ili tuusikie: "Kitanda changu bado kipo?"

Nikakimbilia kibodi. Nilikuwa tayari kumwandikia Mwanaidi gazeti zima. "Tumjibu nini, mama?" Bi Kidawa akasimama. "Leo hatujibu," akasema. "Chukua mkoba wako, twende nyumbani."

Alifungua kile chumba kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pembe ya kanga. Ndani palinuka dawa ya nguo mpya na vumbi la muda mrefu. Dirisha halikuonekana, kabati halikuonekana, kitanda ungekijua kwa miguu yake minne tu iliyochomoza chini ya marobota. Nilitaka kumwita kijana wa kubeba mizigo, akanikataza. Tukayashusha wenyewe, mama wa makamo yake na mimi, robota baada ya robota, tukayaburuta hadi ukumbini, tukihema na kukohoa, naye hakusema kitu isipokuwa "shika huko" na "taratibu". Godoro tuliliweka uani juani, akalipiga kwa mwiko wa ugali mpaka mkono ukachoka, kisha akabadili mkono. Chaga mbili zilikuwa zimevunjika kwa uzito. Akamwita seremala wa jirani akatia mpya. Akatandika shuka nyeupe, akafunga chandarua, akaenda kukaa juu ya kitanda, akanesanesa kidogo kukijaribu, na hapo ndipo nilipomwona analia. Alilia kwa muda mfupi, kama mtu anayekohoa, akajifuta kwa upindo wa kanga.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Kinondoni kabla Godi hajafungua madirisha. "Andika," akaniambia.

"Nimeshakaa tayari, mama."

"Kipo."

Nikaandika. Nikasubiri. "Niongeze salamu?"

"Kaniuliza kitanda, nimemjibu kitanda. Salamu atazipata akifika."

Mwanaidi alifika kabla ya mfungo. Mlango wa mbele aliukuta wazi, umezuiwa na jiwe kubwa la matumbawe ambalo Bi Kidawa alikuwa amelivingirisha mwenyewe kutoka uani ili upepo usiuguse. Jiwe hilo lipo mpaka leo. Wageni wa msiba wamejikwaa nalo wote. Wao wawili hawakuzungumza habari za mlango, si siku ile wala nyingine ninayoijua. Walipika, wakagombana juu ya chumvi, wakaenda sokoni. Mwaka uliofuata Mwanaidi aliolewa na mtu aliyemtaka, na Bi Kidawa alicheza mpaka kisigino kikamvimba. Mimi niliendelea na kazi yangu, nikaacha kuchapa nikaanza kuandika programu, na sijui kama kuna mtu katika mji huu ameweka maneno kwenye vifundo vingi kuliko mimi. Godi siku hizi ana tumbo na nyumba Mbezi Beach. Siku ya maziko alikaa barazani na wanaume, na nilimwona anakula pilau kwa mkono.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwanaidi mkekani. "Maua yalitolewa na mashine," nikamwambia, "kwa kosa langu mie na Godi, nusu kwa nusu. Mama yako ndiye aliyekataa yasirudi."

Alikuwa ameacha kukunja. Mikononi alikuwa na ile ya damu ya mzee, imepauka sasa, maua ya mlangilangi yamekuwa na rangi ya maziwa ya chai. "Mama alisema nini alipoiona?" akauliza. Nikamwambia: alisema hii haiuzwi. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Ukumbini walikuwa wamebaki wanawake wawili watatu, wamelala, na uani mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Ingekuwa na maua nisingejibu," akasema. "Ningesema mama anafanya biashara kwa aibu yangu." Akainyoosha kanga mapajani, akapitisha kiganja juu ya maandishi. "Zai, siku ile wewe ulikuwa umetupa mgongo. Mama hakuugusa ule mlango. Upepo pia haukuugusa. Niliuvuta mie, kwa mkono huu, kwa nguvu zangu zote, ili mtaa usikie."

Nilimtazama. Robo karne nimeihadithia hadithi hii na mlango nilikuwa siujui. "Na yeye alijua?"

"Alikuwa amesimama ndani, ananitazama." Akaikunja ile kanga mara moja, mara mbili, akaiweka kando ya zile za kugawa, chini ya goti lake. "Mtaa mzima ulisema ni yeye. Yeye akasema ni upepo."